Ramani ya Makere Iliyolala Ubavu

Enzi zetu, na wewe uliyekulia na simu mkononi ruksa kucheka, mtu akikuelekeza njia hakukuambia kushoto wala kulia. Alikuambia panda au shuka. Pale Makere tulipokulia dunia ilikuwa na pande mbili tu zenye maana: haruguru, yaani juu milimani kule jua linakozama, na bondeni, kule maji yanakokimbilia. Mama akikutuma chumvi alisema shuka. Ukitafuta mbuzi aliyepotea uliulizwa kama alipanda au alishuka. Hata jikoni, ukiambiwa usogee kwenye benchi ili mwenzako akae, uliambiwa usogee upande wa juu, na kila mtu aliujua upande huo bila kutoka nje kuutazama mlima.

Nakumbuka asubuhi za huko. Ukungu ulilala bondeni mpaka jua lipate nguvu, baridi ya Juni ikituchoma masikio, nasi tukaenda shule na kandambili zinazoturushia tope jekundu mgongoni. Mkono mmoja kuni ya jiko la shule, mkono wa pili kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichobaki jana. Njiani ukikutana na mzee husemi "shikamoo" huku unakimbia kama watoto wa leo wanavyorusha salamu. Unasimama, unaweka kuni chini, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "mwakeye", na unamngoja mpaka amalize kukuuliza habari za kwenu wote hadi ng'ombe. Ukichelewa shule kwa sababu ya salamu, mwalimu alielewa. Ukichelewa kwa sababu nyingine, shauri yako.

Jioni tulikuwa tunachukua vigogo vya mgomba, tunavikalia, tunateremka navyo mteremko mzima mpaka tuangukie kwenye matuta ya viazi ya watu. Mama yangu hakuwa mkali sana, ila alikuwa na msemo wake: "Nguo ikichanika nitashona mimi. Goti likichanika, jishonee." Tukirudi tunakuta ndizi na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku ya gulio kama bahati ipo, samaki aina ya mgebuka kutoka ziwani. Vijana wa leo wanakula chipsi mayai wanasema wameshiba. Haya.

Lakini nimekaa kuandika haya kwa sababu ya jambo moja. Nataka kusimulia bango letu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa jiografia aliitwa Lameki, mwenyeji wa Busunzu kule Kibondo, mwembamba kama mpini, lakini sauti yake ilisikika mpaka shamba la shule. Alikuwa anaichora Tanzania ubaoni bila kunyanyua chaki, akimaliza anapuliza vumbi la vidole na kututazama kama mtu aliyefunga goli. Siku moja aliingia darasani na karatasi, akatangaza kuwa kuna mashindano ya kimataifa ya mabango ya jiografia kwa wanafunzi. Mada ni maji ya mahali unapoishi. Majaji wa kwanza watakaa Kibondo, na bango litakaloyashinda mengine litapelekwa nje ya nchi kushindana na ya mataifa mengine.

Tulicheka. Mambo ya namna hiyo yalikuwa ya shule za mjini Kasulu, zenye kompyuta na maktaba. Sisi Ijumaa yetu ilikuwa ya jembe. Mwalimu Lameki hakucheka. Aliteua watu watatu hapohapo: mimi Yustina kwa sababu nilikuwa nachora kila mahali hadi kwenye madawati, Mwanaidi kwa sababu mwandiko wake ulikuwa kama wa chapa, na Minani kwa sababu, alisema mwalimu, miguu yake inajua njia.

Mwanaidi alikuwa binti wa mwenye duka pale senta, watu wenye asili ya Ujiji, Kiswahili chao kimenyooka kuliko chetu, naye hakuacha kutukumbusha. Minani alitoka kitongoji cha Mubande, kule bondeni kabisa. Jina lake ni la mtoto wa nane kwa desturi yao. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, wakapitia kambini, mwishowe wakapata uraia, na sasa walikuwa wanalima muhogo na maharage kama sisi. Karatasi za uraia walikuwa nazo. Hata hivyo kwenye mkutano wa kijiji akisimama mtu wa Mubande kusema neno, lazima apatikane mmoja wa kumuuliza, "Wewe wa wapi?" Akijibu Mubande, anaambiwa Mubande haipo kwenye ramani yoyote. Watu wanacheka, na yeye anakaa.

Basi tukaanza kazi. Mwalimu alituambia tusinakili ramani ya kitabu, twende tukaulize watu maji yao yako wapi. Tulitoka Ijumaa wenzetu wakiwa shambani wanatutukana kwa wivu. Tukifika kitongojini tunaomba ruhusa, tunafagia uwanja wa nyumba, halafu tunawaachia wenyeji wenyewe watengeneze mahali pao chini, juu ya udongo. Njia waliichora kwa majivu. Mlima walirundika mchanga. Mto waliuchimba kwa kijiti. Kila chemchemi waliweka punje ya haragwe, nyekundu kama maji hayakauki kiangazi, nyeupe kama yanakauka.

Laiti ungeona! Watu wazima walisahau kazi zao. Mzee mmoja anaweka haragwe, mkewe analiondoa, anasema hapo hujawahi kuchota maji maisha yako yote, unapajulia wapi? Kuku walikuja wakala chemchemi mbili tukaanza upya. Kina mama waligombana kuhusu kisima kimoja mpaka wakatoka kwenda kukitazama, nasi tunawafuata na vijiti vyetu. Na kila tulipokwenda, hakuna aliyewaambia wakae vipi, lakini wote walikaa upande mmoja, wameelekea mlimani. Hatukuliona hilo kuwa jambo. Ungekaaje vingine? Mtu mwenye adabu hageuzii mlima mgongo akizungumza habari za maji yatokayo huko.

Mubande ilikuwa ya mwisho. Mama Minani alitupokea kwa uji wa mtama, akaita majirani, na uwanja wao ukajaa kuliko wa kitongoji chochote. Walifanya kazi kimya, kwa uangalifu, kama watu wanaopanga chakula cha arusi. Mama Minani alipoweka haragwe jekundu kwenye chemchemi yao, aliniuliza mimi, si mwanawe:

"Mwana wanje, mwanangu, na sisi huku tutaonekana?"

"Ego, mama," nikasema. "Mtaonekana mpaka Ulaya."

Nilikuwa na mdomo siku zile. Tulipokuwa tunapanda kurudi, karibu na senta, Minani akasema, "Yustina, usingesema vile kama huna hakika. Mama yangu ukimpa neno analishika. Kesho atakuwa amekwisha waambia watu wote." Nikamjibu kwa ujeuri kwamba nina hakika. Usiku ule nililala vibaya, kwa kuwa nilijua sina.

Kuanzia siku hiyo lile bango halikuwa tena la mwalimu wala la shule. Kama lingekataliwa Kibondo, mimi ningekuwa mtu mwingine aliyewaambia watu wa Mubande kwamba hawapo.

Mwalimu Lameki akaitwa Kasulu kwenye semina ya walimu. Alituacha na karatasi moja kubwa ya manila, nyeupe, na makapeni za rangi nne, akatuonya tusiharibu kwa sababu duka limebakiwa na manila za waridi tu. Tukaitandika kwenye sakafu ya darasa, tukavua viatu, tukaanza kuhamisha vitongoji vyote kwenye karatasi moja. Mimi nachora, Mwanaidi anaandika majina, Minani anasimama juu ya kiti kutukagua kama ndege. Milima tuliiweka juu ya karatasi, bonde chini, maji yakiteremka katikati kutoka kichwani mpaka miguuni. Ilipendeza! Rangi ya bluu ilitiririka kama kweli. Mwanaidi mwenyewe, ambaye kusifu kwake ni kwa nadra, alisema, "Hii hata bibi yangu asiyejua kusoma ataisoma."

Mwalimu alirudi tukiwa tumekwisha maliza na wino umekauka. Kesho yake ndiyo safari ya Kibondo. Aliingia akitabasamu, akasimama mbele ya bango, tabasamu likaanza kupungua pole pole. Akainamisha kichwa bega la kulia. Akakiinamisha bega la kushoto.

"Kaskazini iko wapi?" akauliza.

Tukatazamana. Kaskazini! Tulikuwa tumejifunza tangu shule ya msingi kwamba kaskazini hukaa juu ya ramani. Kwenye mtihani tungeijibu hata tukiwa na homa. Lakini tulipochora kwetu hatukukumbuka mtihani, tulikumbuka kwetu. Juu tuliweka mlima, na mlima wetu uko magharibi. Kaskazini ilikuwa imekwenda kukaa pembeni, mkono wa kulia, upande wa dirisha.

"Yemwe!" Mwalimu Lameki akashika kichwa. "Mmeilaza nchi ubavu!"

Alijaribu kuligeuza bango ili kaskazini ije juu. Maandishi yote ya Mwanaidi yakalala, majina ya vitongoji yakawa yanapanda ukutani kama mchwa. Akaligeuza tena. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake kwamba kwenye mashindano ramani ya namna hiyo hutolewa nje kabla haijasomwa. Na muda wa kuchora nyingine haupo, na ya waridi haiwezekani. Mwanaidi akaanza kulia. Minani hakulia. Alikuwa anaitazama lile haragwe jekundu tulilolichora Mubande, na mimi nilikuwa namtazama yeye.

"Mwalimu," nikasema, "kaskazini kwenyewe kumehama?"

"Nini?"

"Kule nje. Kaskazini ipo palepale ilipokuwa?"

"Ipo, itakwenda wapi."

"Basi tuchore mshale tuuelekeze ilipo. Upande wa kulia. Tusimdanganye mtu."

Mwalimu aliinuka pale kwenye dawati. Nadhani alitaka kunichapa na alitaka kucheka, vyote pamoja. Mwishowe akanipa makapeni nyekundu. Nikachora mshale mkubwa, mnene, usio na aibu, unaoelekea kulia, na ncha yake nikaandika K. Mama yangu alitupatia mkeka mpya, tukaliviringisha bango ndani yake, na asubuhi tukaondoka.

Ukumbi wa Kibondo ulikuwa umejaa mabango mpaka macho yakauma. Shule za mjini zilikuwa zimechapisha kwa mashine, picha zinang'aa, barafu za ncha za dunia, volkano za nchi sijui gani. Mada ilikuwa maji ya kwenu, lakini mtu ana barafu, utamwambia nini? Letu lilitundikwa pembeni karibu na mlango, na wanafunzi waliopita walilitazama, wakainamisha vichwa bega la kulia, kisha bega la kushoto, wakasukumana kwa kicheko.

Jaji mkuu alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye miwani, mstaafu wa elimu, alikuwa akitembea na dira shingoni kama wengine wanavyovaa rozari. Alipofika kwetu mimi nilifanya kama nilivyolelewa. Niliinama, nikapiga makofi, nikamsalimia yeye, nikawasalimia na wenzake mmoja mmoja. Mwenye kushika muda akaanza kupuliza filimbi yake, muda unakwenda na sijasema neno hata moja la jiografia. Ukumbi ulicheka. Jaji mkuu hakucheka. Aliitikia salamu mpaka mwisho kwa Kiha safi, ndipo nikajua ni wa kwetu. Kisha akavaa sura ya kazi.

"Binti, ramani hii kaskazini yake iko pembeni. Kanuni unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Sasa?"

Nilikuwa nimekariri hotuba nzima njiani. Yote ikapotea. Nilichokumbuka ni viwanja vyetu vilivyofagiwa na watu wameinama juu ya majivu. Nikamwambia, "Mzee, hii ramani haikuchorwa ukutani. Ilichorwa chini. Naomba niishushe."

Bila kungoja jibu nikaitundua. Mwanaidi akashika pembe moja, Minani nyingine, tukaitandaza sakafuni katikati ya ukumbi. Ilikuwa alasiri, jua limekwisha pita kichwani linaingia kwa madirisha ya upande mmoja. Tukaigeuza mpaka milima yetu ikaelekea kwenye lile jua, bonde likaelekea kwetu, kisha tukakaa, wote watatu, kama watu wa Makere wanavyokaa.

"Sasa tazama mshale wetu unaelekea wapi," nikasema.

Yule mzee alivua dira shingoni. Nadhani alitaka kunionyesha kosa. Aliinama, akaiweka dira juu ya karatasi, pembeni ya mshale wetu mwekundu. Sindano ikacheza, ikayumba, ikatulia. Ikalala sambamba na mshale, ncha kwa ncha. Mzee alibaki ameinama, mkono kiunoni, kisha nikasikia anacheka taratibu, cheko la mtu aliyeonjeshwa chakula cha kwao.

"Kumbe haikulala ubavu," akasema. "Tuliolala ni sisi tulioitundika."

Hapo hotuba yangu ikarudi. Niliwaambia majaji kwamba kwetu maji yanateremka, kwa hiyo na kwenye karatasi yateremke, ili mtu asiyejua kusoma aweke kidole mlimani na kukifuata mpaka shambani kwake. Mwanaidi alieleza maharage mekundu na meupe, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Minani alionyesha Mubande. Alisema neno moja tu, "Mubande," lakini alilisema kwa sauti ya mwalimu Lameki, likasikika mpaka nje.

Jioni waliposoma majina, walianza na washindi wa chini. Sisi hatukutajwa. Wakaendelea kupanda, hatukutajwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, natafuta maneno ya kumwambia Mama Minani, ndipo nikamwona mwalimu Lameki anaruka juu mikono hewani, mtu mzima, mbele ya wakaguzi wa elimu. Tulikuwa wa kwanza.

Bango lilipelekwa nje ya nchi likiwa kwenye mkeka uleule. Siku ya maonyesho tuliitwa Kasulu, kwenye ukumbi wa chuo kimoja, tukawekwa mbele ya skrini. Mtandao ulikuwa unakatika, unarudi, sura za Wazungu zinaganda midomo wazi. Letu walikuwa wamelitundika ukutani. Mwanaidi, aliyekuwa msemaji wetu wa Kiingereza, akawaomba walishushe. Wakalishusha. Akawaomba waweke milima upande wa magharibi. Hapo ikawa burudani! Maprofesa wa watu walianza kuulizana magharibi ni wapi, huyu anaonyesha mlangoni, yule dirishani, mpaka mmoja akatoa simu. Mtu una shahada na hujui jua linazama upande gani wa nyumba yako! Mwalimu Lameki alijifunika uso kwa kitambaa asionekane anavyocheka.

Walipopata magharibi yao, walichuchumaa kulizunguka bango. Jaji mmoja aliweka kidole bondeni kabisa, akauliza jambo kwa Kifaransa. Mwanaidi hakukijua, mimi sikukijua, mwalimu naye vilevile. Minani akasogea mbele. Wenzetu shuleni walizoea kumcheka kwa Kiswahili chake cha kambini kilichojaa Kifaransa ndani. Sasa alijibu kwa Kifaransa, pole pole, bila kukwama: kwamba hapo ni Mubande, kwamba ni kwao, na kwamba chemchemi hiyo haikauki, mama yake ndiye aliyeionyesha. Yule jaji alitikisa kichwa, akalirudia jina vizuri kabisa. Mubande. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Matokeo yalikuja baadaye, na sitaki kuwazungusha: tulishinda. Katika mabango ya mataifa yote, la Makere ndilo lililokuwa la kwanza. Mkuu wa shule aligonga ringi la lori linalotumika kama kengele mpaka likadondoka mtini. Ijumaa ile hakuna aliyeshika jembe. Tulicheza ngoma uwanjani, wapishi wakaweka nyama kwenye maharage, na walewale waliokuwa wanatutukana wakatubeba mabegani.

Walituletea na picha, ile ya majaji wamechuchumaa. Tuliteremka nayo Mubande siku ileile. Mama Minani alifuta mikono, akaishika kwa pembe.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni wakubwa wa mashindano, mama. Wa Ulaya."

"Mbona wameinama?"

"Wanatazama hapa kwenu," Minani akamwambia. "Wameinamia Mubande."

Aliitazama tena. Sisi kwetu unajua anayeinamiwa ni nani. Akaiweka picha kifuani, akapiga makofi taratibu, mara mbili tatu, kama anavyoitikia mtu mwenye heshima zake.

"Basi wamelelewa vizuri," akasema, halafu akapiga kigelegele kilichowatoa watu mashambani. Tangu hapo mtu wa Mubande akisimama mkutanoni alisema jina la kwao na kuendelea na hoja yake.

Nimekumbuka haya yote kwa sababu juzi nilikwenda kumsalimia Mama Minani. Ni mkongwe sasa. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, Anita, wa kidato cha pili, ambaye haendi popote bila simu yake kumwonyesha njia. Enzi zetu kuuliza njia kulikuwa safari ndani ya safari: unapewa salamu, unapewa maji ya kunywa, unasindikizwa hadi njia panda, na ukifika una habari za watu watatu. Anita anafika haraka na hajamjua mtu yeyote. Yeye kwenye ramani yake ni kidoa cha bluu, na popote aendapo kidoa kiko katikati. Sisi ilibidi tujitafute katikati ya wengine. Nayatamani yale ya zamani, majivu vidoleni na kina mama wakibishana juu ya kisima. Hayarudi.

Tulipofika alitazama simu akashangaa. "Mama mdogo, hapa panaonyesha kijani tu. Hakuna kitu."

Mama Minani alikuwa amekaa kizingitini, ameelekea mlimani. Akauliza mtoto anasema nini. Nikamweleza. Sikujua atalipokeaje. Anita, ambaye si mbaya, ni wa zama zake tu, alipiga magoti mbele yake vizuri, akainama, akasema mahali panaweza kuongezwa, ni kubonyeza tu.

"Niandike nini, bibi?"

Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Andika Mubande," akasema. "Andika na kwamba tupo."